Vidonge vya Kucha na Wivu wa Cheche

Kila asubuhi, kabla hata chai haijapoa, mtaa mzima ulijua kwamba Cheche ameamka. Kwanza ilisikika nyundo. Kisha ulisikika mlio wa chuma kikikatwa. Halafu ilisikika sauti yake ikiita, "Mama Pacha! Uko wapi?"

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda. Jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika siku nyingi. Wengine walisema anaitwa Cheche kwa sababu ya kazi yake. Wengine walisema ni kwa sababu ya roho yake, maana alikuwa mwepesi kuwaka.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa dobi. Alifua nguo za watu nyuma ya karakana ya mumewe. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, mashati ya wafanyakazi wa ofisini, na mapazia mazito yanayovunja mgongo. Walikuwa na mapacha wawili wa kike waliosoma shule ya msingi. Walikula wakashiba. Hawakuwa na neno, isipokuwa moja.

Cheche alikuwa na wivu. Wapo wanaosema wivu kidogo ni chumvi ya ndoa. Wa Cheche ulikuwa gunia zima. Akija mteja mwanamume na nguo chafu, Cheche alizima mashine, akaenda kusimama karibu na beseni.

"Yule bwana mbona ana mashati mengi?" aliuliza siku moja. "Ana miili mingapi?"

"Watu wasipochafua mashati, mimi nitafua nini?" Mama Pacha alijibu.

"Achafue, lakini amtume mkewe."

"Hana mke."

"Ndiyo hapo sasa!" Cheche alipiga makofi kama hakimu aliyemaliza kesi.

Mama Pacha alicheka siku hiyo. Siku nyingine hakucheka. Kuishi na mtu anayekuchunguza kunachosha kuliko kufua mapazia.

Miaka michache nyuma, Mama Pacha aliugua moyo. Mlango mmoja wa kupitisha damu ndani ya moyo wake ulikuwa umeharibika. Madaktari walimpasua, wakamwekea mlango wa bandia. Akapona. Lakini waliomtibu walimwambia, "Mama, damu inapenda kuganda kwenye kitu cha bandia. Kwa hiyo utameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yako yote. Ukiacha, ni hatari. Ukizidisha, ni hatari. Na kila baada ya muda lazima uje tupime damu."

Kwenye kliniki ya moyo alikuwapo tabibu mmoja kijana, mrefu, mwenye sauti ya upole. Mara ya kwanza Cheche alimsindikiza mkewe. Tabibu alimshika Mama Pacha mkono akatafuta mshipa. Akamwekea kifaa kifuani, akasikiliza moyo. Kisha akatabasamu, akasema, "Moyo wako unanifurahisha, mama."

Loo! Cheche alihisi kifua chake kinatoa moshi. Walipofika nyumbani alisema, "Kuanzia leo dawa nitakufuatia mimi. Wewe una kazi nyingi."

"Na kupimwa damu?"

"Wewe si mzima? Mzima anapimwa nini?"

Basi, kliniki ikawa ya Cheche. Alikwenda peke yake, akasimama mbele ya yule tabibu, akasema uongo bila kupepesa macho. "Mke wangu amesafiri. Anamuuguza mama yake. Anasema yuko salama kabisa."

Tabibu hakufurahi. Alimpa dawa za muda mfupi, akasema, "Akirudi tu, aje mwenyewe. Kipimo hakifanyiki kwa niaba."

Cheche aliitikia kwa kichwa. Alipokwenda tena, mama mkwe alikuwa bado mgonjwa. Mama mkwe mwenyewe, huko kwake, alikuwa mzima wa afya.

Wakati huo Mama Pacha alikuwa na shida yake. Vidole vyake vilishinda ndani ya maji na sabuni. Kucha zake zikawa nene, za manjano, zenye kumong'onyoka pembeni. Ilikuwa fangasi. Wateja walipompa nguo, aliificha mikono chini ya kanga.

Jirani yake, mshona nguo, aliona. "Shoga, mimi nilikuwa nazo hizo. Nilimeza vidonge. Tazama sasa."

Alinyoosha vidole vyake. Kucha zilikuwa safi, zinang'aa. Mama Pacha alizitazama mpaka akasahau beseni. Moyo ule wenye mlango wa bandia ukaingiwa na wivu wa kweli. Kwa nini huyu awe na mikono ya bibi harusi, na yeye awe na mikono ya kuchimba viazi?

"Vinauzwa duka la dawa pale kona," mshona nguo alisema. "Lakini waambie dawa unazotumia. Mimi waliniuliza."

Mama Pacha alikwenda. Muuza dawa alimuuliza, "Kuna dawa nyingine unayotumia?"

Mama Pacha alitaka kusema. Lakini muuza dawa alikuwa rafiki wa Cheche. Wakianza mazungumzo marefu ya dawa, jioni yatafika karakanani. Na Cheche akisikia mkewe anasafisha kucha, atauliza swali lile lile la siku zote: unajipamba kwa ajili ya nani?

"Hakuna," Mama Pacha alisema.

Alivificha vidonge ndani ya kopo la sabuni ya unga. Alimeza cha kucha. Alimeza na cha moyo. Wiki zikapita. Akichungulia kwenye mzizi wa kucha, aliona mstari mwembamba safi unaota. Alifurahi peke yake, maana furaha ya siri haina wa kushirikiana naye.

Kisha fizi zake zikaanza kutoka damu alipopiga mswaki. Alinunua mswaki laini. Kisha ikaja alama nyeusi kwenye paja. Alifikiri amejigonga kwenye meza ya kupigia pasi. Kisha zikaja alama nne kwenye mkono wa juu. Zilikuwa zimepangana, za rangi ya zambarau.

Alama hizo Cheche aliziona wakati mkewe akianika mashuka, mkono wa gauni ulipopanda juu.

"Hizi ni nini?"

"Kapu la nguo. Nilipitisha mkono kwenye mpini wake."

"Kapu lina vidole vinne?"

"Cheche, usianze."

"Nani amekushika?"

"Nimesema kapu!"

Cheche hakuamini. Dalili ya mvua ni mawingu, alijiambia. Alianza kuhesabu mawingu yake. Mke anaficha mikono. Mke anatazama kucha zake na kutabasamu peke yake. Mke ana alama za vidole mwilini. Kila alichokiona kilikuwa kweli. Alichokosea ni jumla.

Wivu ukamla. Hakula vizuri, hakulala vizuri. Alimfuata mwenye mashati mpaka njia panda, akagundua kwamba yule bwana anachechemea na anaogopa mbwa. Hakuridhika. Karakanani, alikuwa akichungulia nyuma huku bomba la gesi linawaka mkononi, akakata geti la mteja vipande viwili. Mteja alikuja juu. Hasira hasara, Cheche akalitengeneza upya bure.

Asubuhi moja, alizima moto wake akaenda uwani kumaliza maneno. Leo lazima jina litajwe. Alimkuta Mama Pacha ameinama juu ya shuka jeupe la nyumba ya wageni. Shuka lilikuwa jekundu.

Damu ilikuwa inamtoka puani. Alikuwa amebana pua kwa vidole na ameinamisha kichwa, lakini damu ilipita tu. Mshona nguo alikuwa amemshika mabega.

"Tangu saa ngapi?" Cheche aliuliza.

"Tangu watoto walipokwenda shule," mshona nguo alisema. "Haikati! Umesimama nini? Tafuta gari!"

Jina alilolitaka Cheche likapotea kichwani. Alikimbia barabarani na aproni yake ya ngozi, akasimamisha gari la kwanza.

Hospitalini walipokelewa haraka. Aliyeingia chumbani, akiwa amevaa glavu, alikuwa nani? Yule yule tabibu mrefu.

Tabibu aliweka kitambaa puani, akabana. Aliagiza kipimo cha damu. Kisha akaona alama kwenye mkono wa Mama Pacha. Akatazama alama. Akatazama mikono mikubwa ya Cheche. Akazitazama tena alama.

Cheche alielewa. "Mimi? Mimi sijawahi kumpiga mke wangu!"

"Sijasema kitu, fundi," tabibu alijibu. Lakini macho yake yalikuwa yamesema. Cheche akaonja jinsi inavyouma kudhaniwa kosa ambalo hukulifanya.

Tabibu aligeuka. "Mama, umerudi lini safari?"

"Safari gani?"

"Si ulikuwa unamuuguza mama yako?"

"Mama yangu haumwi. Sijasafiri popote."

Watu watatu, yaani tabibu, muuguzi na mke, wakamtazama Cheche. Cheche akatazama sakafu. Ilikuwa imepigwa deki vizuri.

Majibu ya damu yakaja. Tabibu aliyasoma, uso ukabadilika. "Damu yako haigandi kabisa, mama. Ni kama umemeza dawa mara kadhaa zaidi ya kipimo. Umeongeza vidonge?"

"Hapana. Nameza kimoja kama mlivyosema."

"Kuna dawa nyingine?"

Mama Pacha alimtazama mumewe. Akafumba mdomo.

"Mama," tabibu alisema polepole, "damu inayotoka puani tunaiona. Inayoweza kutoka ndani ya kichwa hatuioni. Nahitaji kujua sasa hivi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama Pacha alilijua neno hilo tangu utotoni. Akafumba macho, akasema, "Vidonge vya kucha. Vya fangasi. Nimevificha kwenye kopo la sabuni."

"Kucha?" Cheche aliruka. "Kucha tu?"

"Kucha tu! Nilikuficha wewe na maneno yako!"

Cheche hakujua acheke au alie. Hakukuwa na mwanamume. Alikuwa amemtafuta adui mtaa mzima, kumbe adui yuko ndani ya kopo la sabuni. Na mlinzi wa kopo lile alikuwa wivu wake mwenyewe.

Tabibu hakuchelewa. Aliamuru Mama Pacha achomwe sindano ya kusaidia damu igande, alazwe, na apimwe tena na tena. Vidonge vya kucha visimamishwe. Dawa ya moyo alisema wataipanga wao wenyewe hapo wodini.

"Si aiache kabisa?" Cheche aliuliza. "Si ndiyo inayomuua?"

"Akiiacha, damu itaganda kwenye mlango wa moyo. Asiache, asipunguze, asiongeze peke yake. Hiyo ni kazi yetu, na kipimo ndicho kinachotuongoza."

Jioni damu ilikuwa imekata. Mama Pacha alikuwa amelala amechoka, lakini macho yake yalikuwa wazi. Cheche alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda. Tabibu alipopita, Cheche alimzuia.

"Daktari, mimi ni mtu wa chuma. Nieleze nielewe. Kidonge cha kucha kimefikaje kwenye damu ya moyo?"

Tabibu alivuta kiti. "Vizuri. Ukimeza dawa, haikai mwilini milele. Mwili unaibadilisha na kuitoa. Kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye ini. Ndani ya ini kuna mafundi wadogo sana, hawaonekani kwa macho. Wanaitwa vimeng'enya."

"Vimeng'enya," Cheche alirudia kwa ukali, kana kwamba ni jina la mwanamume mwingine.

"Wewe unakata chuma kwa kutumia nini?"

"Gesi na oksijeni."

"Hawa mafundi wa ini nao wanafanya kazi na oksijeni. Wanaishika kwa kitu kinachoitwa heme. Katikati ya heme kuna chembe moja ya chuma."

"Chuma? Ndani ya mtu?"

"Ndani yako wewe. Heme ndiyo inayofanya damu iwe nyekundu. Kwenye damu inabeba oksijeni na kuishusha inakotakiwa. Kwenye ini ina kazi nyingine. Dawa ikifika, chuma cha heme kinaikamata oksijeni, kinaigawa, na kipande kimoja kinabandikwa kwenye dawa. Dawa ikishabandikwa hivyo, inayeyuka kwenye maji kwa urahisi. Inapata njia ya kutoka mwilini."

"Kwa hiyo hawakati. Wanabandika."

"Wanabandika. Hapo wewe na wao mnaachana."

Mama Pacha alitabasamu kitandani. Mumewe alikuwa anabishana na ini lake.

"Sasa vidonge vya kucha?" Cheche aliuliza.

"Fangasi naye ana kimeng'enya chenye heme. Anakitumia kujijenga. Dawa hizo za fangasi zinakwenda kukaa juu ya chuma cha heme yake. Oksijeni ikija, inakuta nafasi imeshakaliwa. Fangasi anashindwa kujijenga. Hapo ndipo ukucha unapopona. Lakini dawa hiyo haina adabu sana. Ikipita kwenye ini la Mama Pacha, inakaa pia juu ya chuma cha mafundi wake."

"Inawakalia nafasi!"

"Inawakalia nafasi."

Jambo la mtu kukalia nafasi ya mwenzake Cheche alilielewa kuliko mtu yeyote hospitalini hapo. Alishika kichwa.

"Basi dawa ya moyo ya jana inakosa wa kuishughulikia," tabibu aliendelea. "Haijatoka, na ya leo inakuja. Kesho inakuja nyingine. Kidonge ni kimoja kila siku, lakini ndani ya damu dawa inarundikana. Ndiyo maana akiguswa na kapu tu, damu inavia chini ya ngozi."

"Nilisema kapu," Mama Pacha alinong'ona.

"Ulisema kapu," Cheche alikubali. "Nisamehe, mama."

"Na hili usilisahau, fundi," tabibu alisema. "Si vidonge vya kucha peke yake. Zipo dawa nyingine zinazowazuia mafundi hawa. Zipo zinazowaongeza mpaka dawa ya moyo inaisha nguvu mapema. Hata majani ya kuchemsha na vinywaji vingine vinaweza kuharibu mahesabu. Ndiyo maana tunauliza kila kitu. Na ndiyo maana tunampima mgonjwa mwenyewe, si mumewe."

Cheche alimeza maneno hayo kama dawa chungu.

Mama Pacha alikaa wodini siku kadhaa, kisha akarudi nyumbani. Mambo yalibadilika. Dawa zote ziliwekwa kwenye mfuko mmoja wa kitambaa, zikining'inia mahali pa wazi, na mfuko huo ulikwenda naye kila kliniki. Kwa kucha alipewa dawa ya kupaka, ambayo tabibu alisema haiingii mwilini kwa wingi. Ilikuwa ya polepole. Alinunua glavu za mpira za kufulia, ndefu mpaka kwenye kiwiko. Alimwambia mshona nguo, "Shoga, kucha zako nilizionea gere nusura nife." Mshona nguo aliyasikia hayo akaogopa, kisha wakacheka wote wawili.

Siku ya kupimwa ikafika. Cheche alifunga karakana, akamsindikiza mkewe. Safari hii aliahidi kukaa kimya, na kweli alikaa. Tabibu alipotafuta mshipa, Cheche alitazama dirishani. Tabibu aliposikiliza moyo, Cheche aliuma meno.

Muuguzi alipochukua damu kuipeleka maabara, tabibu alisema, "Fundi, tupishe kidogo."

"Niwapishe?" Cheche alisimama nusu. "Mimi ni mumewe!"

"Ndiyo sababu. Kila mgonjwa namuuliza maswali mengine akiwa peke yake. Yapo ambayo mke hayasemi mbele ya mume, na mume hayasemi mbele ya mke. Mwenzako alinyamaza mbele yako damu ikiwa inamtoka."

Cheche alimtazama mkewe ili amtetee. Mama Pacha hakumtetea. Alikaa na mfuko wake wa dawa mapajani, akasubiri.

Cheche akatoka. Mlango aliufunga kwa mkono wake mwenyewe. Aliketi kwenye benchi karibu na mzee mmoja. Hakukaa sana, akainuka, akasimama karibu na mlango. Akasikia kicheko chumbani. Cha Mama Pacha! Wivu ulimpanda mpaka kooni. Alisogea zaidi, akaweka mkono kwenye kitasa. Wanacheka nini? Nani anachekesha kliniki ya moyo?

Kisha alikumbuka mdomo wa mkewe ulivyofumba siku ile, kwa sababu yake yeye. Alitoa mkono kwenye kitasa. Alirudi kwenye benchi, akaikalia mikono yake.

"Mikono imekufa ganzi?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba. Naizuia."

Mlango ulipofunguka, muuguzi alikuwa ameshaleta majibu. Mama Pacha alitoka anang'aa. "Damu iko pale pale inapotakiwa."

Cheche alishusha pumzi. Walitembea hatua chache. Alijitahidi, akashindwa. "Mlikuwa mnacheka nini?"

"Miguu yako. Tulikiona kivuli chake chini ya mlango. Mimi nilikuwa nimenyamaza, naogopa kusema. Kisha kivuli kikaondoka. Hapo ndipo nikamwambia tabibu yote."

"Yote yapi?"

Mama Pacha alisimama, akamtazama usoni. Cheche alifungua mdomo aulize tena. Akaufunga. Alichukua mfuko wa dawa mkononi mwa mkewe, akauvaa begani mwake.

"Basi, usiniambie," alisema. "Maadamu umemwambia yeye."